Wanafunzi wa Nyasi wa Madamu Libérate

Shule yetu ya Nyakabere iko kando ya mfereji, na ng'ambo ya mfereji ni mashamba ya mpunga. Aliyechagua mahali pale alipenda hewa safi, lakini hakuwauliza ndege. Mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege wadogo wa rangi ya udongo wanashuka kwa makundi, na kundi moja likitulia shambani kwa muda wa mtu kula ugali wake, mwenye shamba anabaki na mabua. Kwa hiyo kila mtoto wa bonde la Ruzizi anajua kazi moja kabla ya kujua kusoma. Anapanda dunguni, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, na huko juu anapiga kelele, anagonga makopo na kurusha madonge ya udongo mpaka jua lizame.

Ninaeleza haya ili mjue Madamu Libérate alipambana na nini. Kumcheka mtamcheka tu. Sisi tuliokuwepo bado tunacheka.

Madamu Libérate ni mwalimu wa darasa la sita tangu mimi sijazaliwa. Ni mama mfupi, mpana, mwenye mwavuli mweusi ambao hakuna aliyewahi kuuona ukifunguliwa, hata mvua ikinyesha. Kazi ya mwavuli ule ni kuonyesha. Akimwonyesha mtoto, mtoto anakaa. Akimwonyesha mbuzi, mbuzi anaondoka uwanjani kwa adabu. Direkta wetu, Bwana Jean-Marie, ambaye ndiye mkubwa wake wa kazi, akionyeshwa mwavuli anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli ofisini.

Korona ilipokuja, shule zote zikafungwa. Mwezi wa nane wa mwaka ule, 2020, serikali ikaita kwanza madarasa ya mwisho, yamalize programu na kujiandaa kwa TENAFEP, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Darasa langu la nne lilibaki nyumbani. Mimi, niliyetoka Bukavu na diploma ya ualimu na nia ya kugeuza elimu ya nchi hii juu chini, nikakabidhiwa na direkta ndoo ya kunawia mikono, nisimame nayo mlangoni. Nilisimama nayo kama askari na bendera. Mapinduzi lazima yaanze mahali fulani.

Watoto wakarudi. Au niseme, walikuja watoto wenye majina yale yale. Délice, aliyeondoka na sauti ya kinanda, alirudi na sauti ya katekista. Mashati yalikuwa yamepanda mpaka vitovuni, kaptula zimekuwa kitu ambacho sitaki kukitaja. Na wote, wavulana kwa wasichana, walikuwa wamekaa dunguni tangu shule zilipofungwa, wakihama kutoka mpunga wa huyu kwenda mpunga wa yule. Walikuwa wamesahau kwamba watu wawili wanaweza kuongea bila shamba kati yao.

"Bonjour, batoto," alisema Madamu Libérate.

"BONJOUUUR, MADAMU!"

Ng'ombe aliyekuwa anakunywa maji mferejini aliingia mferejini.

"Polepole, banangu. Niko hapa hapa. Saba mara nane?"

"HAMSINI NA SITAAA!" alinguruma Délice, na kutoka shamba la mbali mtu akaitikia, "Eeeh! Nimesikia!"

Hilo lingeweza kuvumilika. Tatizo lilikuwa madirisha. Madirisha yetu hayana vioo, na mbele yake ndege wanapita siku nzima. Ndege mmoja akipita, darasa zima lilisimama juu ya madawati. "Hoooo! Ha! Hoooo!" Mikono ikarusha kilichokuwa karibu: chaki, kandambili, rula, siku moja nusu ya muhogo wa kuchemsha. Halafu wakaketi, macho ubaoni, wapole kabisa, kama watu waliopiga chafya.

Na kashene? Serikali ilisema kila mwanafunzi avae barakoa, ambayo huku kwetu ni kashene. Tuliletewa boksi zima, zote za saizi ya mtu mzima mwenye mashavu. Watoto walizivaa asubuhi moja. Kufikia saa nne Iradukunda, msichana mwembamba wa dawati la mbele, mwenye akili kuliko sisi wote, aligundua kwamba ukishika kamba mbili za kashene na kuweka donge la udongo katikati, unapata kombeo bora kuliko lolote lililowahi kutengenezwa bondeni. Siku hiyo kengele ya shule ililia yenyewe mara nyingi sana.

"Emery," Madamu Libérate aliniambia mlangoni, akijifuta udongo shingoni, "weye wa chuo. Bukavu walikufundisha nini juu ya hii?"

Nikafungua kinywa kumweleza mbinu shirikishi. Akanionyesha mwavuli. Nikarudi kwenye ndoo.

Tungeweza kuendelea hivyo kwa furaha, kama si habari aliyoileta Direkta Jean-Marie siku ya tatu. Mkaguzi mpya atakuja kutoka Uvira. Akikuta nusu ya madawati ni matupu, darasa la sita la Nyakabere litafungwa na watoto watapelekwa shule ya Sange.

Mtu wa mbali atasema, Sange si pale tu? Ni pale, kwa mtu mwenye pikipiki. Mtoto wa Nyakabere anakatiza mashamba kwa miguu, kisha anatembea kando ya barabara kubwa ambako minibasi zinapita kama zimeiba kitu. Na tunajua wanaoacha wa kwanza ni nani. Ni wasichana. Nimeandika barua tatu juu ya jambo hili kwa wakubwa, na nitaandika ya nne, hata kama zinafungiwa karanga sokoni.

Na madawati yalikuwa yameanza kuwa matupu. Mpunga wa kiangazi, ule wa mifereji, ulikuwa umejaa maziwa, na kila siku wazazi walibakisha mtoto mwingine dunguni. Siku Iradukunda alipokosekana, Madamu Libérate alichukua mwavuli, akavuka mfereji. Nami nikamfuata na ndoo, maana direkta alisema nisiiache.

Babu yake Iradukunda ni Mzee Bigirimana, na mashamba yake ndiyo yanayotazamana na shule. Wenye mashamba wengine wote wanangoja waone yeye anafanya nini. Tulimkuta chini ya dungu, anakula muhogo wa kuchoma. Juu, Iradukunda alikuwa anapiga kelele na kukariri vitenzi vya Kifaransa kwa pumzi moja: "Je suis, hoooo! Tu es, ha!"

"Karibu, Mwalimu," alisema Mzee Bigirimana. "Minye sikatae masomo. Lakini Korona ilifunga shule, haikufunga midomo ya ndege."

"Muzee, huyu mutoto iko na akili."

"Ndiyo maana nimemuweka hapa. Unataka niweke mupumbavu? Ndege itamudanganya."

"Mukaguzi anakuja. Akikosa batoto, darasa linakufa. Iradukunda ataenda Sange na miguu?"

"Ataenda kisha mavuno."

"Kisha mavuno mutihani umepita!"

"Ndege haiko mu konje, haina likizo, Mwalimu. Haisome kalendari ya serikali."

Madamu Libérate hakuinua mwavuli. Hilo lilinitisha. Aliuchomeka matopeni, akauegemea, akatazama dungu.

"Dungu hii minye nilikaa mo," alisema. "Wakati wa baba yako. Benzangu ba darasa walipita hapa chini na mafaili, banaenda kufanya mutihani. Nilibapigia kelele kama bo ni ndege, sababu sikutaka baone nalia. Mwaka wote ulipotea, Muzee. Kisha nikapanda mulima mupaka Lemera kwa shule ya masista, nikaanza upya na batoto badogo, minye niko na matiti tayari, wananiita shangazi."

Mzee Bigirimana alitafuna polepole. Mtu anayetafuna polepole huku kwetu yuko mahakamani.

"Basi niletee muntu wa kusimama hapa," alisema mwishoni. "Asichoke, asilale, asiombe chakula. Ukimupata, chukua mutoto wako."

"Nitakuletea darasa muzima," alisema Madamu Libérate, akachomoa mwavuli.

Kesho yake ilikuwa siku ya kazi za mikono. Wanafunzi wote, hata wale wa dunguni, waliruhusiwa na wazazi kwa muda wa saa moja tu, kwa kuwa Madamu alipita nyumba kwa nyumba akionyesha mwavuli milangoni. Akawaambia walete sare zao zilizowabana. Kila mtoto atatengeneza sanamu ya nyasi ya kimo chake, aivishe sare yake, na kuisimika pale pale ambapo yeye husimama. Vichwa vilikuwa shida, kwa sababu nyasi zilichomoka usoni. Ndipo Iradukunda akaleta boksi la kashene. Saizi ilikuwa kamili. Huo ndio uso pekee ambao kashene zile zilitengenezewa.

Sikuwahi kuona watoto wakifanya kazi vile. Délice aliipa sanamu yake tumbo, akasema ndivyo atakavyokuwa akiajiriwa. Iradukunda alisuka nywele za nyasi. Tukazisimika shambani, mashati meupe, bluu chini, kashene usoni, kila moja mbali na mwenzake ili zisishikane kwa upepo. Ndege walikuja, wakaona, wakageuka wakaenda kula kwa mtu mwingine ambaye sitamtaja kwa sababu bado ana hasira.

Mzee Bigirimana alizunguka zile sanamu kama anayenunua mbuzi. "Hizi," alisema, "zina heshima kuliko benyewe." Akamwachia mjukuu, na wenye mashamba wengine wakafuata. Madawati yakajaa. Watoto walikuja wamevaa walichopata: nguo za kipaimara, blauzi za mama zao. Délice alivaa koti la marehemu mjomba wake, akawa anaitwa Bwana Gavana.

Kilichobaki ni "Hoooo!" Madamu Libérate alipigana nayo kila siku. Alijaribu kuwafunga mikono kwa kuwapa mawe ya kushika. Fikirini wenyewe yale mawe yalikwenda wapi.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya Alhamisi, bila kutuma habari. Jina lake Bwana Basile, mtu wa miwani myeusi na viatu vyenye ncha, juu ya pikipiki. Tulikuwa darasani, Madamu akiandika sehemu za kumi na desimali, mimi na ndoo yangu, tuliposikia pikipiki ikisimama, si shuleni, bali ng'ambo ya mfereji.

"Ninyi!" sauti ikapaa. "Ninyi wote! Mnafanya nini shambani saa ya masomo?"

Darasa likageukia madirishani. Mkaguzi alikuwa amesimama juu ya tuta, mbele ya darasa la sita. La nyasi.

"Nasema na ninyi! Hata bonjour hakuna?"

Sanamu hazikusema bonjour.

"Naona mmevaa sare. Naona mmevaa kashene. Naona mnaheshimu ile metre moja. Vizuri, félicitations! Lakini shule iko kule! Nani direkta wenu?" Akangoja. "Mnakataa kumtaja? Mmefundishwa kiburi hiki na nani?"

Ndani, watoto walikuwa wametumbukiza ngumi midomoni. Madamu Libérate aliinamisha kichwa, akisikiliza. "Hii sauti," alininong'oneza, "si ya ofisi. Angalia inavyofika mbali."

Mzee Bigirimana alikuwa dunguni, karibu kabisa, akitazama. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Alisema, "Muntu mukubwa akihutubia, haumukate."

Mkaguzi akashuka kwenye tuta na kuingia matopeni kwa viatu vile vya ncha. Akamwendea mwanafunzi mnene kuliko wote, akamkamata kola. "Wewe kiongozi wao, jina!" Akavuta. Kichwa kikatoka, kashene na vyote, kikabaki mkononi mwake. Bwana Basile alipiga yowe, akarudi kinyumenyume, akakaa majini.

"Ule ni Délice," alisema Mzee Bigirimana kwa upole kutoka juu. "Mwenyewe iko darasani."

Alipoingia kwetu, hakuna aliyecheka. Mbavu zilituuma, lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu uso wa Madamu Libérate ulikuwa umekauka. Tope lilimfika mkaguzi kiunoni na nyasi zilijaa mfukoni mwake. Direkta Jean-Marie alisimama nyuma yake, akiomba kwa midomo bila sauti.

"Wenye sare wako shambani," alisema mkaguzi taratibu, "wasio na sare wako darasani. Madamu, mimi niandike nini?"

"Andika darasa limejaa, Bwana Enspekteri. Hesabu."

"Siwezi. Mtoto asiye na kashene na sare si mwanafunzi, hahesabiwi. Ndiyo maagizo. Kwa macho ya serikali, hapa naona madawati matupu na," akamtazama Délice, "mzee mmoja wa koti."

Madamu Libérate alifumba macho kidogo tu. Kisha akaonyesha dirisha kwa mwavuli. "Kimbieni. Kila muntu alete sare yake."

Walitoka kwa madirisha. Muda wa kuimba wimbo mmoja tu, wakawa wamerudi, wamevaa sare zao, nyasi zikitokeza kwenye mikono na kola, kashene zikiwafunika mpaka machoni, wakipiga chafya. Shati la Délice lilishindwa kwa heshima: kifungo kimoja kiliruka, kikagonga miwani ya direkta. Mkaguzi alitoa kalamu, akaanza kuhesabu kutoka dawati la mbele.

Lakini ng'ambo ya mfereji sasa vilisimama vijiti vitupu. Na ndege wanajua kusoma, ni kalendari tu wasiyoisoma. Wingu lilitokea upande wa mto Ruzizi, likazunguka mara moja, likashuka mpunga wa Mzee Bigirimana.

"Iradukundaaa!" mzee alilia, peke yake dunguni, akigonga kopo lililotoboka. "Mujukuu wangu! Ndegeee!"

Madawati yote yalitetemeka. Niliona magoti ya Iradukunda yakinyooka. Niliona mkono wa Délice ukitafuta kandambili.

"Kaeni," alisema Madamu Libérate. Hakupaza sauti. Mwavuli ulikuwa umeegemea ukuta, mbali naye. "Anayesimama mbele ya huyu bwana, ametufungia darasa. Kaeni, banangu. Tafadhali."

Sikuwahi kumsikia akisema tafadhali. Nadhani hata watoto hawakuwahi. Walikaa. Machozi yalimtoka Iradukunda yakaingia kwenye kashene, koo la Délice likapanda na kushuka na "hoooo" nzima iliyomezwa, lakini walikaa wote. Sijaona ushujaa kama ule, na nimesoma juu ya vita vingi.

Aliyesimama alikuwa mwingine. Mkaguzi Basile alikuwa amefika katikati ya darasa. Kalamu ikasimama. Kichwa kikageukia dirishani, kikarudi kwenye hesabu, kikageuka tena. Kitu kilipita usoni mwake, kitu cha miaka mingi, na kabla direkta hajasema "Bwana Enspek...", mtu wa serikali alikuwa amepanda dirishani kwa viatu vyake vya ncha.

"HOOOOO! HA! HOOOOO!"

Naapa ilisikika Sange. Aliruka, akavuka mfereji, akaingia shambani akikimbia mwendo wa mtu anayejua pa kukanyaga, maji mapajani, mikono juu, anachota udongo na kuurusha bila kutazama, na kila donge linafika. "Nilikulia Luvungi!" alipiga kelele, hatujui kwa nani. "Dunguni kwa babu yangu! Hoooo! Nendeni kwenu, wezi nyinyi!" Akavua koti lake, akalizungusha hewani. Wingu likainuka, likapasuka vipande viwili, likakimbilia mtoni.

Darasani hakuna mtoto aliyekuwa ametikisika. Walikuwa wanatazama kama watu walio kanisani.

Alirudi mlangoni, si dirishani, akiwa hana sauti kabisa. Nilimmiminia maji ya ndoo, akanawa mikono, uso, miguu, na hiyo ndiyo siku ndoo yangu ilipotumika ipasavyo. Akaokota karatasi yake.

"Wamejaa," alinong'ona. "Wote. Naandika wamejaa. Na nidhamu yao..." Akatafuta neno, akaona aibu, akasaini.

Nyuma yake, Mzee Bigirimana alikuwa amefika, anahema, kofia mkononi. Nilidhani anakuja kumchukua mjukuu. Alimpita Iradukunda, akamwendea mwalimu wake.

"Mwalimu," alisema, "mutoto bakisha. Kesho nitaleta nguo zangu minye mwenyewe, nivalishe zile sanamu. Lakini nakuomba kitu kimoja." Akamtazama mkaguzi kwa kumpenda. "Huyu bwana, mutuachie naye mpaka tuvune."

Hapo ndipo darasa lilipocheka, hatimaye, kwa sauti ile ya mashambani, na ng'ombe akaingia mferejini tena.

Madamu Libérate aliwaacha wacheke. Kisha akageukia ubao ili aendelee na sehemu za kumi, akapapasa juu ya meza, chini ya meza, kwenye mfuko wa kitenge chake. Akaniita kwa kidole.

"Emery," alisema polepole, asisikiwe na watoto. "Vuka kule, unitafutie kifutio cha ubao. Kiko mu mupunga, karibu na dungu."

"Kimefikaje kule, Madamu?"

Akanyoosha mkono ukutani kuchukua mwavuli. Nikaenda.